UZI 🧵: Neno "curfew" lilianzia jikoni. Lilifikaje mikononi mwa karao?

Nchi ikichemka kidogo tu, kuna maneno matatu lazima yatajwe kwenye mdahalo wa runinga. Mgeni wa kwanza atasema serikali itangaze kafyu. Wa pili ataruka kwenye kiti, "Hiyo ni hali ya hatari, mnataka kuturudisha 1952!" Wa tatu atamalizia na "lockdown". Wanabishana dakika arobaini, sisi huku tunaendeleza siku tatu, na ukisikiliza vizuri kila mtu anaongelea kitu chake.

Wengi mmeniomba nichambue hii. Kwa wageni: hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Ukitaja kwenye majibu nitakufuta, na sitakuwa nimekasirika. Tunachambua hoja tu.

Nitaanza na neno "curfew" lenyewe, kwa sababu ndilo linaloteleza sana mdomoni, halafu tuone lilivyofika kwenye sheria zetu. Shika chai.

Kwanza, neno hili si la Kiingereza kwa kuzaliwa. Waingereza walilipata kutoka Kifaransa cha kale. "Couvre" ni funika, "feu" ni moto. Funika moto, basi. Hakuna polisi hapo, hakuna gari la doria, hakuna kipaza sauti.

Kama ulilelewa na nyanya mwenye jiko la mawe matatu, kitu hiki unakijua bila kufundishwa. Wa kwetu alikuwa halali kabla ya kufukia makaa kwenye jivu. Jioni anayasukuma katikati, anayafunika, anagonga jivu kidogo na upande wa mwiko. Asubuhi anafukua, anapuliza mara mbili tatu, moto unaamka. Alikuwa anaokoa kiberiti na analinda nyumba kwa wakati mmoja, maana cheche moja ikirukia nyasi za paa, hakuna nyumba tena.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Ulaya ya zama za kati. Nyumba za mbao, paa za nyasi, zimebanana kama vibanda vya Gikomba, na kila moja ina moto wa kuni katikati. (Gikomba nimeitaja makusudi. Mnajua inavyoungua.) Mtu mmoja akilala na moto wazi, mtaa mzima unaweza kuamka majivu. Kwa hivyo jioni, kawaida saa mbili usiku, kengele ilipigwa: funikeni moto. Kulikuwa hata na chombo cha kazi hiyo, kifuniko cha shaba au chuma kama nusu ya sufuria, cha kuegemeza juu ya makaa. Chombo kiliitwa jina hilo hilo.

Kengele ikachukua jina la kazi, halafu saa ikachukua jina la kengele. Kwenye maandishi ya Kiingereza neno linaonekana mwanzoni mwa karne ya 14, na tayari watu wanalitumia kutaja wakati, kama sisi tunavyosema "baada ya magharibi".

Tamaduni hizi haziishi haraka. Huko Oxford kuna kengele kubwa, wanaiita Great Tom, iliyokuwa ikitangaza kufungwa kwa milango ya chuo. Mpaka leo inalia mara 101 kila usiku saa tatu na dakika tano. Mbona dakika tano? Kwa sababu saa ya Oxford ya zamani, iliyofuata jua, ilikuwa nyuma ya saa ya London kwa dakika tano, na wao hawakutaka kubadilisha. Watu wakaidi hao.

Sasa hapa ndipo siasa inaingia.

Kuna simulizi maarufu kwamba William Mnormani, aliyeivamia Uingereza mwaka 1066, ndiye aliyeleta kengele hiyo. Eti hakujali moto wa paa. Alitaka Waingereza wazime taa, walale, wasikutane usiku kupanga maasi. Wanahistoria wengi hawaikubali simulizi hii, kwa sababu desturi ya kufunika moto ilikuwepo sehemu nyingi za Ulaya na ilikuwa na sababu yake ya wazi kabisa.

Lakini mimi naona simulizi yenyewe ni ushahidi wa kitu kingine. Waingereza wa kawaida, vizazi kwa vizazi, waliisikia kengele ya jioni na wakaamini kuna mtawala mgeni anayewaogopa gizani. Yaani hata kabla neno halijawa na maana ya amri ya kutotoka nje, watu walishashuku kwamba "tunakulinda" na "tunakuogopa" zinaweza kutumia kengele moja.

Shaka hiyo ndiyo inaendesha mjadala wetu wote. Iwekeni kando, tutairudia.

Maana tunayoijua sisi, ya watu kukatazwa kutembea saa fulani, ni changa zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 miji mingi ya Marekani ilipitisha amri za kuwaondoa watoto barabarani usiku, na zikaitwa jina hilo. Karne ya 20 ikaja na vita, makoloni na maasi, neno likahamia kambini. Moto ukasahaulika kabisa. Kilichobaki cha kufunikwa ni watu.

Wafaransa nao hawakuachwa nyuma. Kwao neno bado linasema waziwazi "funika moto", na ndilo utakalolisikia redioni ukiwa Kinshasa au Bujumbura. Mwaka 1961, vita vya uhuru wa Algeria vikiendelea, mkuu wa polisi wa Paris alitoa tangazo la kuwataka Waalgeria wasionekane barabarani kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Soma tena. Waalgeria. Jirani yake Mfaransa alikuwa huru kutembea. Tarehe 17 Oktoba maelfu waliandamana kwa amani kupinga amri hiyo. Polisi waliua makumi yao, na wengine walitupwa mto Seine.

Nimeenda Paris kwa sababu moja tu. Kafyu ya kikoloni haikuuliza ni saa ngapi peke yake. Iliuliza wewe ni nani. Na swali hilo limo ndani ya sheria yetu ya Kenya mpaka sasa. Twende nyumbani.

Sheria inayompa waziri uwezo wa kutangaza kafyu Kenya inaitwa Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56. Ni ya mwaka 1950. Miaka miwili kabla ya hali ya hatari, miaka 13 kabla ya uhuru. Imekarabatiwa hapa na pale, vyeo vimebadilishwa, lakini mifupa ni ile ile.

Kifungu cha 8 kinasema hivi, kwa lugha yangu: Waziri, kwa ushauri wa Inspekta Jenerali wa Polisi, akiona ni lazima kwa ajili ya utulivu wa umma, anaweza kuamuru kwamba katika eneo fulani na saa fulani kila mtu, au kila mtu wa kundi lililotajwa, abaki ndani ya makao yake, isipokuwa awe na kibali cha maandishi.

Umeona hiyo "kila mtu wa kundi lililotajwa"? Hiyo ndiyo Paris. Mwaka 1950, aliyeandika vile alikuwa na kundi lake kichwani na sote tunajua halikuwa la masetla wa Karen.

Na kuna kipengele kimoja hapo chini ambacho nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Ukipewa kibali cha kutembea saa za kafyu usiku, sharti ubebe taa inayoonekana umbali wa futi 25.

Neno lililoanza kama "funika moto" limefika kwetu likisema "beba moto nikuone". Sina la kuongeza hapo.

Halafu hali ya hatari ikatangazwa, 20 Oktoba 1952. Ilidumu hadi Januari 1960. Chini ya kanuni zake, kafyu haikuwa tena jambo la wiki moja. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Kati walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa kwenye vijiji vilivyochimbiwa handaki na kulindwa na askari. Saa za kafyu ukionekana nje ulihesabiwa mpiganaji au mtu anayewapelekea chakula, na ungeweza kupigwa risasi. Vijiji vingine viliwekewa kafyu ya saa 23 kwa siku kama adhabu ya pamoja. Saa moja ya kuteka maji, kutafuta kuni, kuchimba kiazi, basi.

Kwa hivyo mzee wa Murang'a akisikia "kafyu" redioni na kijana wa Roysambu akisikia "kafyu", hawajasikia neno moja. Mmoja anafikiria mama yake akikimbia na mtungi, mwingine anafikiria klabu zitafungwa saa ngapi. Kabla hujamwita mzee mwoga kwenye majibu, kumbuka hiyo.

Baada ya uhuru sheria ilibaki kabatini ikiwa na mafuta. Nairobi iliionja baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Lamu iliionja mwaka 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni. Garissa, Wajir, Mandera na Tana River mwaka 2015, baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa. Februari 2023 ikawa zamu ya maeneo ya Bonde la Ufa Kaskazini yaliyokuwa na wizi wa mifugo wa kutumia bunduki.

Ukiitazama orodha hiyo utaona kitu. Kwa miaka mingi kafyu ilikuwa habari ya pembezoni. Sisi wa Nairobi tuliisoma gazetini tukafungua ukurasa wa michezo. Mvuvi wa Lamu ambaye riziki yake iko baharini usiku hakuwa na ukurasa wa michezo wa kufungua. Alipoambiwa kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni asitoke, hakuambiwa alale mapema. Aliambiwa asifanye kazi.

Ndiyo maana Machi 2020 ilitushtua. Ilikuwa mara ya kwanza wengi wetu kuguswa.

Amri ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, nchi nzima, kwa siku 30. Siku 30 zikazaa nyingine. Juni saa zikasogezwa hadi saa tatu usiku, Septemba hadi saa tano, Novemba zikarudi saa nne. Mnaokumbuka mnajua tulivyokuwa tukiuliza kila hotuba, "Sasa ni ya saa ngapi?" kama watu wanaouliza bei ya sukari.

Mimi nilikuwa nikifanya kazi Industrial Area na kulala Kayole. Saa kumi na moja jioni stejini kulikuwa na watu kama wa Krismasi. Nauli mara tatu, na huna la kusema, maana kondakta anajua unaogopa nini. Siku moja nilitembea kutoka Donholm nikifika mlangoni saa moja na dakika saba. Dakika saba! Sijawahi kuvunja sheria nikiwa na miguu inayouma hivyo.

Wengine hawakubahatika kufika na miguu kuuma tu. Siku ile ile ya kwanza, kwenye kivuko cha Likoni, watu waliokuwa wakisubiri feri warudi nyumbani walipigwa na kurushiwa vitoa machozi kabla hata saa moja haijafika. Yaani walikuwa wanakimbia kutii.

Na usiku wa tarehe 30 Machi, Kiamaiko, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Alikuwa kwao. Rudia kile kifungu cha 8: "abaki ndani ya makao yake." Mtoto yule alikuwa ametimiza sheria ya 1950 neno kwa neno. Afisa mmoja alishtakiwa kwa mauaji.

Wanasheria walienda mahakamani. Uamuzi wa Mahakama Kuu wa Aprili 2020 ni muhimu kwa huu mjadala wetu, kwa sababu kila upande huwa unasoma nusu yake. Nusu ya kwanza: mahakama ilikataa kuifuta kafyu. Ilisema amri yenyewe haikuvunja Katiba. Nusu ya pili: matumizi ya nguvu kupita kiasi katika kuitekeleza ni kinyume cha Katiba.

Kwa hivyo anayesema "korti ilisema kafyu ni halali" anasema ukweli. Anayesema "korti ilisema polisi walivunja Katiba" anasema ukweli. Anayekuambia nusu moja tu na kunyamaza, huyo angalia anauza nini.

Sasa tutenganishe yale maneno matatu, maana hapa ndipo mdahalo huwa unapotea njia.

Kafyu inahusu SAA. Mchana uko huru, usiku uko ndani. Anayetia sahihi ni waziri, kwa ushauri wa Inspekta Jenerali. Bunge halipigi kura kwanza. Amri ya waziri ikishachapishwa inapaswa kupelekwa bungeni, ndiyo, sheria ya 2013 kuhusu kanuni za mawaziri inasema hivyo. Lakini wakati inafika huko, wewe tayari umeshalala njaa siku kadhaa.

"Lockdown" inahusu MAHALI. Neno hilo ni la Kimarekani, na miaka ya 1970 lilishakuwa lugha ya magereza: wafungwa wakifanya fujo, wote wanafungiwa seli. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini serikali yetu haikulipenda. Aprili 2020 ilipofunga Nairobi na viunga vyake, halafu kaunti za Pwani, lugha rasmi ilikuwa ya kusitisha usafiri wa kuingia na kutoka. Ndani ya mpaka ulizunguka, kuuvuka ndiyo shida. Na njia za panya zikapata umaarufu ambao panya wenyewe hawajawahi kuupata. Mei ikawa zamu ya Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa, mitaa mizima ikafungwa.

Vitu hivi viwili vinaweza kuwepo pamoja. Machi 2021, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zilifungiwa pamoja mpaka wake, na humo ndani kafyu ikaanza saa mbili usiku. Ndiyo maana watu huyachanganya. Kaunti nyingine wakati huo zilikuwa na kafyu tu.

Hali ya hatari ni mnyama mwingine kabisa. Hiyo inahusu KATIBA yenyewe. Kifungu cha 58. Anayetangaza ni Rais. Haizidi siku 14 bila Bunge la Taifa kuikubali. Kuongeza mara ya kwanza kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, na kila nyongeza baada ya hapo robo tatu. Kila nyongeza haizidi miezi miwili. Mahakama ya Juu inaweza kuulizwa kama tangazo ni halali.

Linganisha sasa. Kile kitu kikubwa, cha kutisha, kimewekewa siku 14 na kura nzito. Kile kitu tunachokiita kidogo, kafyu, kina sahihi ya waziri. Je, kina kikomo cha siku?

Hapa nataka msome polepole, kwa sababu sijawahi kuona ikitajwa kwenye mdahalo hata mmoja. Sheria ya 1950 inaweka kikomo kwa kafyu ya MCHANA. Ikichukua zaidi ya saa kumi mfululizo za mwanga wa jua, haiwezi kuzidi siku tatu. Ikichukua pungufu ya hapo, siku saba. Aliyeiandika alijua mchana watu wanafanya kazi, na kazi zikisimama mashamba ya masetla yanasimama pia.

Usiku? Kikomo cha namna hiyo hakuna. Amri inadumu kwa muda iliojiandikia, na ikiisha, inaandikwa nyingine.

Ndivyo siku 30 za Machi 2020 zilivyokuwa karibu miezi 19. Ilifutwa 20 Oktoba 2021, kwenye sherehe za Mashujaa kule Wang'uru, Kirinyaga. Tarehe ile ile ambayo hali ya hatari ilitangazwa mwaka 1952. Sijui kama aliyeandika hotuba aliliwaza hilo, ila nyanya yangu angeliona mara moja.

Katikati ya miezi hiyo 19 kuna watu ambao usiku ndio mchana wao. Muuza mayai na smokie. Mama wa chapati wa stejini. Mlinzi anayebadilishana zamu. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu saa sita usiku na boda wote wamezima simu. Hao wa hospitali waliruhusiwa na amri, ndiyo, kwenye karatasi. Lakini karatasi haipandi pikipiki. Ilibidi wahudumu wa afya wenyewe waanzishe mpango wa kuwabeba wajawazito bure usiku, Nairobi.

Naona tayari mtu ananiandikia, "Kwa hivyo unapinga kafyu?" Hapana. Niliwahi kusikiliza watu wa Kerio wakieleza maisha ya kulala na viatu, na sina ujasiri wa kuwaambia kafyu ni ukoloni. Kuna usiku ambapo anayetembea na bunduki ni wa hatari kuliko anayetoa amri. Kengele ya kufunika moto pia haikuwa ujinga. Miji ilikuwa inaungua kweli.

Ninachopinga ni kafyu inayokuja bila kujibu maswali. Mtu akiitaja tena kwenye mdahalo, mwulize: moto ni upi hasa? Eneo gani? Ni kila mtu au ni kundi, na kundi hilo ni nani? Inaisha tarehe ngapi, na nani nje ya wizara ataiangalia kabla ya kuongezwa? Na atakayepatikana nje atapelekwa wapi?

Hilo la mwisho si dogo. Mwaka 2020 kuna watu waliokamatwa kwa kuchelewa wakapelekwa karantini ya lazima, wakae na watu wanaosubiri vipimo, halafu waambiwe walipie. Karantini ni neno la Venisi, siku arobaini za meli kusubiri bandarini ili tauni isiingie mjini. Ni kinga. Ukimtia humo mtu kwa kosa la kuchelewa, umeigeuza kuwa jela, na jela bila hakimu. Kosa la kafyu lina adhabu yake kwenye sheria, na anayeitoa ni mahakama. Si rungu la barabarani na si kitanda cha karantini.

Nijibu na maswali mawili ya sanduku la ujumbe kabla sijatoka.

Moja: "Gavana anaweza kutangaza kafyu kaunti yake?" Hapana. Wapo waliotamka hivyo kwenye mikutano, lakini kifungu cha 8 hakimjui gavana. Anaweza kumwomba waziri.

Mbili, kutoka kwa mwalimu mmoja wa Kiswahili: je, tuandike "kafyu" au "amri ya kutotoka nje"? Mwalimu, mimi mdomoni nasema kafyu, kama ulivyoona uzi mzima, kwa sababu ndilo tunalolijua mtaani na sasa limeshakuwa letu. Lakini tangazo la serikali ningependa liandikwe kwa yale maneno marefu. "Kafyu" inapita sikioni kama jina la mvua. Ukisema "amri ya kutotoka nje", msikilizaji anauliza papo hapo: amri ya nani?

Wiki ijayo: zuio la mahakama, na kwa nini kila mtu akishindwa kura hukimbilia hilo. Mwenye swali aliweke hapa chini. Bila majina, tafadhali.